Visima vya Shemeji

Shemeji alikuja serikalini kama mtu anayekuja kutoa sadaka. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kiwanda cha magodoro, na siku alipoteuliwa kuwa katibu wa maji wa jimbo aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameacha ulaji mnono ili awatumikie wananchi. Dada yangu, mkewe, alinipigia simu akilia kwa furaha. Mimi nilikuwa mpimaji katika idara hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali penye maji chini ya ardhi kabla mtambo haujaenda kuchimba. Nilimpongeza. Moyoni nilijiambia, huyu hajawahi hata kukaza bomba la jikoni kwake.

Wiki ya kwanza alibadilisha mapazia, akaondoa benchi la kwenye korido ambalo wanavijiji walikuwa wakikalia wakingoja kuhudumiwa. Alisema benchi linawafundisha watu kungoja. Tangu hapo wakawa wanangoja wamesimama. Sisi alituita timu, wananchi akawaita wateja, ingawa sikumwona akizungumza na mteja hata mmoja zaidi ya dakika mbili. Mikutanoni alituonyesha picha za kiwanda chake, magodoro yakitoka kwenye mashine moja baada ya jingine, kisha akatuuliza kwa nini visima visitoke vivyo hivyo. Wakubwa wangu, watu wazima wenye wajukuu, wakaitikia kwa vichwa na kuandika madaftarini.

Akatangaza lengo: visima vinne kwa mwezi. Sisi tulizoea kimoja, viwili tukibahatika. Nilimweleza kwamba kule mlimani, wenye shida hasa wanakoishi, maji yako chini ya mwamba, na kupima peke yake ni siku tano. Akanitazama kwa huruma.

“Shemeji, tatizo lenu nyinyi wa serikalini ni fikra,” alisema. “Chimbeni kwanza, mengine yatafuata.”

Wachimbaji si wajinga. Walipoona bosi anahesabu mashimo wala haulizi maji, walihamishia mtambo bondeni kwenye udongo laini, wakawa wanachimba na kurudi mapema wakipiga mluzi. Miezi sita, mashimo ishirini na sita. Yenye maji yalikuwa saba. Kwenye ripoti yote yaliitwa visima, na picha ya shemeji ikatoka gazetini amevaa kofia ya ujenzi iliyong'aa kama sahani mpya.

Kisha akataka sherehe. Alichagua kisima kilichokuwa kando ya lami, ili magari ya wageni yasichafuke, akamwalika mkuu wa jimbo aje kukizindua. Kisima hicho kilikuwa kikavu kabisa. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye fomu kwa mkono wangu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akataka niandike fomu nyingine. Nikakataa. Jioni dada akaja kwangu, akakataa kukaa, akasema nina wivu.

“Karatasi moja tu,” alisema. “Unashindwa kumsitiri shemeji yako?”

Nikamwambia shemeji nitamsitiri akiugua, na huu si ugonjwa. Aliondoka hata chai hakuonja.

Siku ya uzinduzi, asubuhi na mapema, lori la maji lilimwaga shehena yake yote ndani ya shimo. Mkuu wa jimbo akapiga pampu mara tatu, maji yakaruka, kamera zikafanya kazi yake. Shemeji akahutubia nusu saa nzima kuhusu maono. Wageni walipoanza kusogea kwenye vyakula, wanawake wakajipanga na madumu yao. Jambo hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Walichota kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka pampu ikaanza kukohoa. Mama aliyekuwa kwenye zamu hakuacha. Aliendelea kupiga taratibu, pampu ikitoa hewa tupu, mpaka mwenye muziki akazima muziki wake.

“Mheshimiwa,” yule mama alisema kwa adabu, “lile lori la asubuhi tuliliona. Tulidhani limekuja kuosha viti.”

Shemeji akasema ni hitilafu ndogo ya kiufundi, akaninyooshea kidole: mpimaji wetu atafafanua. Ndipo nilipomdharau kweli, maana hadi hapo nilikuwa namwonea aibu tu. Nikafafanua. Nikasema shimo hili halikuwahi kuwa na maji, na fomu inayosema hivyo iko mezani kwa katibu tangu mwezi uliopita.

Baada ya wiki tatu alijiuzulu kwa sababu za kifamilia. Mwezi huohuo kampuni kubwa kuliko ile ya magodoro ikamchukua, na sasa anaalikwa kwenye mahoteli kufundisha uongozi, akisimulia jinsi alivyopambana na watu wasiotaka mabadiliko. Mimi nilihamishiwa stoo ya mabomba mwaka mzima, kabla hawajanirudisha kwenye upimaji. Dada alininunia miezi minane.

Juzi tulikutana kwenye msiba wa mjomba. Shemeji alinikumbatia mbele za watu, akaniuliza kama bado niko kulekule serikalini, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mfungwa. Nikamwambia nipo, na kwamba kesho yake nilikuwa na safari ya kwenda kupima mlimani. Akaanza kunishauri namna ya kupima. Nikamwacha akiongea, nikaenda kuwasaidia kina mama kuosha vyombo.