Bamba la Mguu wa Kushoto

Tangu utotoni walimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia kwelikweli. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia simama, keshafika mtaa wa pili. Ukubwani akawa fundi wa springi za malori, kazi ya kuinama, kuinuka na kugonga kutwa nzima, na hata chakula alikula amesimama. Sasa mtu wa aina hiyo, jamani, ndiye aliyeteleza akatumbukia kwenye shimo la gereji, akavunjika mguu wa kushoto chini ya goti, vipande vitatu.

Daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliufunga mfupa kwa bamba la titani na skrubu nane. Siku ya kumruhusu atoke alimweleza mbele ya mkewe, bila kumung'unya maneno.

"Titani ni chuma chepesi, na mwili haukikatai. Lakini bamba hili si mguu mpya. Limeshika zamu tu mpaka mfupa ushikane. Mfupa ukiwahi, umepona. Chuma kikichoka kabla ya mfupa, tuna balaa, maana huku chini karibu na kifundo hakuna nafasi nzuri ya kufunga skrubu nyingine."

"Basi nisikanyage kabisa," alisema Kiguu.

"Hapana. Mfupa usiopewa kazi unafanya uvivu, unaliachia bamba kila kitu. Utakanyaga kilo kumi na tano kwa miezi mitatu. Kumi na sita sitaki."

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alinunua mizani ya bafuni siku hiyo hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimsimamisha kwenye magongo, mguu mbovu juu ya mizani, yeye akapiga magoti kuutazama mshale.

"Kumi na mbili. Ongeza. Kumi na nne. Basi! Nimesema basi, baba watoto, wewe husikii?"

Wiki sita Kiguu alijikaza kisabuni. Kisha maumivu yakaisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mguu haukuuma kwa sababu bamba ndilo lililobeba mzigo wote. Daktari alishamwonya, yeye akatia pamba masikioni. Kwake yeye mguu usiouma ulikuwa mguu uliopona. Mkewe akishatoka tu, magongo yalikwenda nyuma ya mlango. Alianza na sebule, akaenda uani, akafika kona ya mtaa, na siku ya nne huyo gereji, hatua mia sita kutoka mlangoni kwake, anawakosoa mafundi wenzake.

"Chuma nakijua mimi," aliwaambia, akijipiga kwenye ugoko. "Nabebesha malori tani thelathini. Mimi na nguo zangu sifiki kilo sabini!"

Alasiri alirudi, akachukua magongo, akaketi na uso wa mgonjwa. Mkewe akiingia na kuuliza ameshindaje, anamjibu, "Nimekaa, mke wangu, mpaka makalio yameota mizizi." Wakacheka wote wawili. Mtu mzima na akili zake, hata haya hakuona.

Wiki tano zikapita hivyo. Siku moja kabla ya kwenda kupigwa eksirei, akaja gereji dereva wa lori la kokoto, jitu moja nene waliloliita Bonge, akilalamika kwamba lori linaelemea upande. Kiguu akaifungua springi. Bapa moja kati ya yale ya chuma yaliyopandana lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi, umeanzia kwenye tundu la boliti.

"Lifunge hivyo hivyo, fundi," Bonge akabembeleza. "Nimebakiwa na safari moja tu. Litanifikisha."

"Litakufikisha kaburini! Ufa haurudi nyuma, Bonge. Mimi sifungi chuma chenye ufa. Kama unataka, nenda kwa hao wanaofunga."

Na kwa kuwa alipenda kufundisha kuliko kula, akalibana lile bapa, akaligonga nyundo moja ya nguvu, likakatika pale pale penye ufa. Akamsogezea Bonge kipande machoni.

"Tazama. Hapa penye mistari kama gamba la konokono, chuma kiliachia kidogo kidogo, siku nyingi. Hapa penye chengachenga kama sukari ndipo nilipopiga mimi sasa hivi. Si uzito ulioanzisha huu ufa. Ni kurudiarudia. Kila shimo, kila tuta, mzigo ule ule, mara elfu na elfu..."

Wenzake wakadhani amepaliwa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu: hatua mia sita kuja, mia sita kurudi, nusu yake za mguu wa kushoto. Siku thelathini na moja. Elfu kumi na nane na mia sita, bila zile za sebuleni, juu ya kibamba kisichozidi upana wa kidole gumba, chenye matundu.

"Nipeni magongo yangu."

"Magongo gani? Umekuja nayo lini?"

Alirudi nyumbani akiruka kwa mguu mmoja, amening'inia kwenye bega la Bonge, na Bonge anahema kuliko yeye.

Jioni hiyo kiti kilimchoma. Aliubonyeza ugoko, akaugonga kwa kidole, akatega sikio kama anavyosikiliza springi. Wapi! Nyama haina mlio. Mkewe akamuuliza ana nini. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza pamoja na chai. Asubuhi mkewe alimvisha viatu, na njia nzima ya kwenda hospitali hakutamka neno. Kiguu akadhani anaogopa majibu tu.

Daktari aliitundika picha kwenye taa, akaitazama muda mrefu.

"Umekanyaga."

"Kidogo tu, daktari, mle mle ndani..."

"Kiatu chako cha kushoto kina grisi ya gereji," mkewe alisema. "Nimeiona leo nilipokuvisha. Njia nzima nakusubiri uniambie mwenyewe."

Kiguu akatamani ardhi ipasuke. Daktari hakumpa hata nafasi ya kuona aibu. Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu: bamba limepinda kidogo, na kwenye tundu moja tupu, jirani na pale mfupa ulipovunjika, umeanza ufa. Mfupa nao umeanza kushikana, lakini upande mmoja tu.

"Njia ziko mbili. Ya kwanza, nakufungua wiki hii, natoa bamba hili, naweka refu zaidi pamoja na mfupa wa kupandikiza kutoka nyongani. Utatembea, ila mguu utapungua urefu kama upana wa kidole, na kifundo kitakuwa kigumu. Ya pili, unakaa. Wiki nane, mguu haugusi chini hata kwa bahati mbaya, na huenda mfupa ukawahi, ukabaki na mguu wako mzima. Lakini bamba likikatikia humo ndani, siwezi kukuahidi mguu."

"Nitakaa!" Kiguu alidakia. "Liache hivyo hivyo, daktari. Ni wiki nane tu. Litanifikisha."

Maneno yale yakamrudia masikioni kwa sauti ya Bonge.

Akamgeukia mkewe, akitafuta wa kumtetea. Mkewe hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama chini ya meza. Kiguu naye akainama kutazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapigapiga sakafu, na kila ukigonga, goti la kushoto linatikisika. Hata hakuwa na habari. Akalikandamiza goti la kulia kwa kiganja, mguu ukatulia.

"Mke wangu, sema wewe. Wiki nane nitashindwa kweli?"

Kabla hajamaliza kuuliza, mguu ulikuwa umeanza tena.

"Mimi nimepiga magoti mbele ya ile mizani kila siku," mkewe alisema, na machozi yakamtoka. "Kila siku, baba watoto. Sasa sina la kusema. Mguu ni wako."

Kiguu aliitazama picha. Ufa mwembamba kama uzi, umeanzia kwenye tundu. Angeletewa chuma kama hicho na dereva yeyote angeshamfokea zamani.

"Litoe," alisema. "Mimi sifungi chuma chenye ufa."

Daktari akavuta karatasi, akaanza kuandika. Mkewe alijifuta macho kwa upande wa kitenge, akavuta kiti karibu, akaweka mkono juu ya goti la kulia la mumewe. Lilikuwa bado linatikisika. Akalishikilia hivyo hivyo mpaka daktari alipomaliza.