Idhini ya Wifi

Wivu wa mawifi haujui shule. Daktari mkuu wa wodi ya wanawake alikuwa na vyeti ukuta mzima, na bado roho ilimuuma kila alipomwona mke wa kaka yake akipita koridoni na koti lake jeupe la udaktari. Hospitali ilimwajiri juzijuzi tu, na tayari wagonjwa walikuwa wakimuulizia. Hilo angelivumilia. Kilichomchoma hasa ni mama yake mzazi, ambaye siku hizi akiumwa kichwa humpigia mkwe, si binti aliyemzaa.

Dawa kali za maumivu zilikuwa na sheria zake. Ziliandikwa kwenye kompyuta tu, na daktari mgeni hakuruhusiwa kuziandika mpaka watu wawili wakubali: mmoja amsajili, mwingine athibitishe. Ofisi ilishamsajili. Wa kuthibitisha alikuwa daktari mkuu. Ombi la wifi yake alilifungua, akalitazama, akalifunga.

"Wifi, bado tu?" mke wa kaka yake alimuuliza.

"Wale watu wa kompyuta, mwenzangu! Mwendo wao wa kobe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jiwe la figo lilimkamata daktari mkuu mchana kweupe, katikati ya wodi yake, akalazwa kitandani analia bila haya. Daktari mwingine wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Aliyekuja mbio ni wifi. Akampima, akamfuta jasho, akageukia kompyuta.

"Nisamehe, wifi. Mfumo unanikatalia."

Daktari mkuu alijua kwa nini. Na kujiandikia mwenyewe sheria ilikataza.

"Isogeze hapa," akasema, meno ameyakaza.

Alishika kidude cha namba za siri kilichoning'inia shingoni mwake. Wifi akageukia ukuta, maana nywila ya mtu haitazamwi. Daktari mkuu akaingiza namba, akabonyeza: Thibitisha.

Wifi alipogeuka, ombi lilikuwa bado wazi kwenye skrini, limeandikwa lilikuwa likimsubiri nani, na tangu lini. Akalisoma lote. Kisha akaandika dawa, na muuguzi akaja na sindano.

"Nampigia mama," wifi akasema, akimfunika shuka.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba unaumwa, wifi yangu. Ila wale watu wa kompyuta leo wamefanya haraka kweli."