Mita Kumi na Nane za Mzee Jafferji

Kompyuta ofisini kwetu ilikuwa moja, na wa kuiwasha mie tu. Chuo cha majengo nilikiacha mwaka wa pili, lakini Tanga ya mwaka tisini na tano, ukijua kusimamisha ukuta kwenye skrini wanakuita injinia.

Siku hiyo natafuta ujazo wa jumla wa nyumba ya Mzee Jafferji, ile yenye duka chini. Bintiye Shelina anataka kuigeuza gesti, na mkandarasi hakadirii kazi mpaka ajue nyumba inajaza kiasi gani, kuta na dari humo humo. Nilishapima nje, nikapima kila chumba, nikachora. Nikajumlisha vyumba na kuta. Wapi! Nje inazidi.

"Mita za ujazo kumi na nane zimekwenda wapi?" Shelina akauliza. "Kompyuta yako imelewa?"

"Dada, hicho ni chumba kizima. Labda mna jini humo, na hamumtozi kodi."

Akacheka, akatoka kumpigia simu mkandarasi. Mzee Jafferji, aliyekaa nyuma yetu, hakucheka. Akasogeza kiti.

"Mwana wa Idarusi, ule ukuta wa stoo unaweza kuunenepesha?"

"Naweza. Nauandika mita mbili, hesabu inatimia. Lakini mzee, dada anataka kuuvunja. Mafundi watakuta tu."

"Mafundi niachie mie. Nenepesha."

"Kwani mna nini mle?"

Akatazama mlango. "Sukari. Sabuni. Mwaka wa msako wa walanguzi askari wanapekua maduka, nikaziba kwa matofali. Mwaka wa pili nikaogopa kufungua. Baadaye nikaona haya."

"Sukari ya themanini na tatu! Sisimizi wa Nguvumali wakisikia..."

"Na majora mawili ya bafta."

Mzaha ukanikauka mdomoni. Baba alikufa mwaka ule. Tulizunguka mji mzima, bafta ya sanda hakuna. Mama akafua shuka la kitandani kwao, lenye maua ya zambarau, tukamzika nalo. Mzee Jafferji alikuja mazikoni, akalia kuliko sisi. Mpaka leo mama akimaliza kuswali humtaja mzee huyu kwenye dua zake.

"Ningetoa jora, wangeuliza limetoka wapi," akasema. "Kifungo, mwanangu. Nilikuwa na watoto wadogo."

"Na sisi je, tulikuwa wazee?"

"Mama yako asijue tu. Nakuomba."

Shelina akarudi. "Haya, zimeonekana?"

"Ukuta mnene," babake akasema upesi.

"Baba, ukuta ule nimelala ubavuni mwake tangu utotoni. Ukiugonga unalia kama ngoma."

Wote wawili wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi. Kuunenepesha ni kubonyeza mara moja. Nikachora chumba, kitupu, bila mlango wala dirisha. Hesabu ikatimia hapo hapo. Programu ikauliza kiitwe nini.

"Andika jina, mzee, au mwambie bintiyo."

Shelina akamtazama babake, kicheko kimemwisha. "Baba? Kuna nini?"

Mzee akashika ukingo wa meza, akainuka taratibu.

"Nitakwambia njiani." Akanigeukia. "Mama yako, Bi Mastura, yupo nyumbani saa hizi?"

"Yupo."

"Atanipokea?"

Mama yangu namjua kwa mengi. Hilo sikulijua.