Majeshi ya Dunia kwenye Jaruba la Rahabu

Vita vya Ghuba, kama mlivyosikia, vilipiganwa Kuwaiti na Iraki. Hiyo ni habari ya magazetini. Kwa hoja, mipango na mate mengi, vilipiganwa Ndungu, Upareni, kwenye kibaraza cha duka la Athumani, kila jioni, mwanzoni mwa mwaka 1991.

Duka lenyewe lilikuwa limenona. Miaka michache nyuma Athumani alikuwa na rafu tupu na maneno ya pole. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu na auze atakacho: sabuni za kila rangi, betri, mitumba mpaka darini, na kilichoadimika ni mnunuzi tu. Basi wanaume walikuja kutazama bidhaa kwa macho na kusikiliza redio, na redio ilikuwa ya Gregori, mume wa Rahabu.

Gregori aliwahi kupitia mafunzo ya mgambo kwa bunduki ya mti, na tangu hapo hajatokea jenerali wa kumridhisha. Yeye alikuwa upande wa Marekani. "Ndege kwanza, miguu baadaye," alisema, kana kwamba wamempigia simu kumuuliza. Jirani yake Nicolaus, aliyeacha kazi kwenye mashamba ya mkonge, alisimama na Iraki, maana jeshi lililopigana miaka minane na Irani haliwezi kushtushwa na kelele. Athumani, mfanyabiashara wa watu, aliipenda Uswisi. Huko kila mwanamume ana bunduki nyumbani na hagombani na mtu, na maduka yanafunguliwa kama kawaida. Israeli nayo walikuwa wakiichambua. Gregori aliieleza kwa lugha ya nyumbani: ule ni msaragambo wenye bunduki. Wote waliitikia kwa kichwa, kwani kila Mpare anajua kwamba baragumu la msaragambo likilia kuita watu kwenye kazi ya kijiji, asiyetokea atasemwa mpaka kwa wajukuu.

Wakati huohuo Rahabu alikuwa anavamiwa.

Saa ya taarifa ya habari ya jioni ndiyo pia saa ya kweleakwelea. Walitoka porini upande wa Mkomazi, wingu zima la ndege wadogo wenye midomo myekundu, wakashuka kwenye mpunga uliokuwa umeanza kujaza masuke. Jaruba la Rahabu lilikuwa refu. Akipiga debe huku, wanatua kule. Akikimbilia kule na kombeo lake, wanarudi huku, na wengine hawakujisumbua hata kuhama.

Mahindi yao ya mlimani Bombo yalikuwa yamekauka shambani. Mpunga huu ndio uliokuwa chakula cha nyumba nzima mpaka msimu mwingine. Ukiliwa, wangerudi kupanga foleni ya mahindi ya msaada, yale ya njano yaliyoitwa yanga, ambayo wanawe waliyala mwaka wa njaa mpaka wakaichukia rangi yenyewe. Rahabu aliogopa sana, na akiogopa huwa mkali.

"Baba Leticia, nisaidie kuamia ndege jioni," alimwambia mumewe. "Shika upande mmoja tu, nami nishike mwingine."

"Mama Leticia, hilo ni suala la sera ya ulinzi," Gregori alijibu. "Dola kubwa haichoshi askari wake. Inamtisha adui, adui anabaki kwake."

Kesho yake akasimamisha sanamu ya majani katikati ya mpunga, akaivika shati lake la mgambo na kuifunga mkanda. Ilikuwa sanamu nzuri, Rahabu alikiri, yenye kifua kuliko mwenye shati. Jioni kwelea wakaja, wakaikagua, wakala mpunga kuizunguka. Walioshiba walipumzika begani kwake, pale panapokaa cheo.

"Umeona?" Gregori alisema alipoletwa kutazama. "Imewachanganya." Kisha akawahi taarifa ya habari.

Usiku ule Rahabu alilala akipiga hesabu. Alikuwa amegundua jambo moja: pale dukani, chini ya mlima, redio ilikuwa ikikoroma, na wanaume walikuwa wakiipiga makofi mpaka habari muhimu zinawapita. Siku ya pili mchana alizitoa betri juu ya bati, zilikokuwa zimeanikwa juani zipate nguvu, akachukua na redio, akaipandisha kwenye ulingo wa kuamia ndege katikati ya jaruba. Waya wa antena aliufunga kwenye mkono wa sanamu. Angalau sasa ilikuwa na kazi.

Wanaume wakaja mbio, Gregori mbele, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani kakuruhusu kuhamisha redio?"

"Kule mlima unaziba mawimbi," Rahabu alisema. "Huku ni peupe."

Kuhusu mawimbi hakujua lolote, ila bahati ilimwangukia. Redio ilishika vizuri kama msomaji wa habari yuko mfereji wa pili. Hasira zikaisha. Nicolaus alikataa kusimama na Marekani, akaenda tuta la juu. Gregori akashika tuta la chini. Athumani, asiyefungamana na upande wowote, alibaki katikati. Kwa kuwa walikuwa mbalimbali ilibidi wapige kelele, na kwa kuwa walikuwa wataalamu ilibidi waonyeshe kwa mikono. Gregori alieleza jinsi kombora linavyotunguliwa na kombora jingine, akirusha madongoa ya udongo angani. Kwelea wakaja, wakazunguka mara moja, wakaona mambo yaliyoko chini, wakaondoka.

Rahabu alicheka peke yake mpaka machozi.

Tangu siku hiyo aliupenda mjadala wa majeshi kuliko jenerali yeyote. Jumapili mchungaji alipoombea amani Mashariki ya Kati, naye aliitikia amina, ila moyoni aliongeza kwamba Mungu asiharakishe, mpunga bado haujakomaa. Kule watu walikuwa wanakufa. Redio yake mwenyewe ilisema. Aliona aibu ya kweli. Hata hivyo hakuizima.

Kisha akaja Mwanaasha, mjane mwenye jaruba la jirani. Hakuwa na redio wala mume wa kuichukia Iraki. Kila kwelea aliyefukuzwa kwa Rahabu alikuwa akitua kwake.

"Majeshi yako yana nguvu, dada," Mwanaasha alisema akiwa upande wa pili wa tuta, debe mkononi. "Yananiletea wote mimi."

"Mpunga wangu unakaribia kuvunwa," Rahabu alijibu, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Ndivyo zinavyosema nchi zote zenye redio.

Mwisho wa Februari vita vikasimamishwa. Gregori alipongezwa kwa ushindi, akaupokea bila kujivuna sana. Nicolaus alisisitiza kwamba Iraki imerudi nyuma kwa makusudi. Athumani alikumbusha kuwa Uswisi haijapoteza hata kuku. Wakaelekea dukani kufanya tathmini, na jaruba likabaki na sanamu peke yake.

Jioni iliyofuata kwelea walikuwa wengi kama waliosikia tangazo. Mpunga wa Rahabu ulikuwa umebakiza siku chache tu kufikia mundu. Alikimbia yeye huku, Mwanaasha kule, koo zikawakauka. Giza lilipoingia, pembe nzima ya jaruba lake ilikuwa makapi, na ya Mwanaasha ilikuwa mbaya zaidi. Rahabu akaketi juu ya tuta akalia kwa hasira. Mwanaasha alimshika bega, na ule mkono ulimuuma kuliko maneno.

Siku ya pili yake Rahabu alichukua redio, lakini hakuipeleka kwenye ulingo wake. Aliiweka juu ya tuta linalotenganisha majaruba mawili. Kisha akaenda dukani.

"Nina swali, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya upole ambayo Gregori hakuwa ameisikia tangu uchumba. "Hivi Warusi na Wachina wakipambana, nani atashinda?"

 Wote wakaanza kujibu kwa pamoja.

"Ngojeni," Rahabu alisema. "Nimeacha maji yanaingia shambani. Nielezeni tukitembea."

Walimweleza njia nzima. Walipofika, Nicolaus alikuwa amechukua China kwa wingi wa watu, na Gregori Urusi kwa vifaru. Athumani alikuwa ametafuta amani mbali zaidi: kuna nchi inaitwa Kostarika, alisema, haina jeshi kabisa.

"Na huko ndege anaamia nani?" Mwanaasha aliuliza.

Athumani aliinamia redio, kana kwamba ndiyo itakayomjibu.

"Wanawake!" Gregori alisema akitikisa kichwa. "Hata mwelezwe vita mara ngapi, hamwelewi."

"Sielewi kabisa," Rahabu alikubali. Wingu lilikuwa tayari linashuka kwenye mpunga wa Mwanaasha. "Labda nikiona kwa mbali. Hebu simama kule kwa Mwanaasha, baba Leticia, unionyeshe ukubwa wa Urusi."

Gregori akavuka tuta, akasimama katikati ya mpunga wa mjane, akatanua mikono yote miwili kwa nguvu zake zote na kunguruma mipaka ya nchi ile. Kwelea wakainuka kwa pamoja, wakageukia Mkomazi.

"Bado hujaweka Siberia," Rahabu alimwambia.