Shaba Zilizopatanishwa

Krrr, krrr. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajajikumbuka, mama mkwe wangu alikuwa akisaga pilipili kwenye kinu cha jiwe. Zamani ningempigia kelele kutoka kitandani, "Mama, taratibu, mtoto amelala!" naye angejibu, "Amelala yeye au umelala wewe?" Asubuhi ile niling'ata shuka. Tulikuwa tumepatanishwa.

Aliyetupatanisha ni Bwana Sudiarta, mkuu wa mtaa wetu huku Bali, mpenda amani hasa, hata mkewe amerudi kwao. Binti yangu Lintang alikuwa ametimiza miaka mitatu bila kusema zaidi ya "mm". Usiku nilikuwa nikiutazama mdomo wake mdogo ukichezacheza usingizini, nikiamini maneno yamo humo, yanavaa viatu tu. Bwana Sudiarta hakuwa na subira hiyo. Alikunywa kahawa yetu akatoa hukumu.

"Mtoto ataongea saa ngapi, na ninyi hamfungi midomo? Nyumba iwe na sauti moja. Sikukuu ya hekalu ikimkuta bado bubu, apelekwe kwa shangazi yake mjini Singaraja. Kule kumetulia."

Mama mkwe akaitikia. Mume wangu Arsana, shujaa wangu, akakagua kucha zake. Nami nikaitikia.

Basi tukaanza kupendana kwa nguvu.

"Mama, wali wa leo umekolea."

"Ah, mwanangu, ni moto wako uliouwasha."

Wali wenyewe ulikuwa umeungua hadi kunuka. Lintang akatutazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Hata ile "mm" akaiacha.

Amani ilivyomnogea, Bwana Sudiarta akaihamishia kwenye gamelan yetu ya wanawake, kundi la wapiga vyombo vya shaba vinavyogongwa kwa nyundo. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunapiga vyombo pacha. Pacha hawa hawalingani: chake kinalia juu kidogo, changu chini kidogo, na vikipigwa pamoja sauti inatetema kama maji yaliyoguswa kidole. Wahunzi huvifanya hivyo makusudi. Kila mtu kwetu anajua. Bwana Sudiarta naye anajua, ila alikuwa ameshaonja utamu wa kupatanisha.

"Wa juu wakae na wa juu, wa chini na wa chini," akaamuru siku ya mazoezi ya mwisho. "Pasiwe na wa kumpanda mwenziwe kichwani."

Tukatenganishwa, tukapiga. Hakuna aliyekosea, na hakuna kilichokuwa hai. Ungedhani tunagonga sufuria zilizojaa uji. Mbwa aliyelala mlangoni hakuinua hata sikio.

"Mnausikia umoja huo?" akauliza Bwana Sudiarta, machozi yakimlenga.

"Nasikia maiti," akasema mama mkwe. Akainuka, akaburuta chombo chake hadi ubavuni kwangu. "Sogea, wewe! Na leo usikimbie kama unafukuzwa na nyuki."

"Mimi nakimbia? Mama ndiwe unayejikokota!"

"Mdomo huo! Ndiyo maana unaunguza wali!"

"Wali ule uliuunguza wewe, Mama!"

Tukapiga huku tukijibizana, na shaba ikatetema hadi kwenye meno. Wanawake wengine wakarudisha vyombo vyao kwa pacha wao bila kuambiwa. Mbwa akabweka.

"Jamani, mtoto!" Bwana Sudiarta akapaza sauti. "Mmesahau Singaraja?"

Nyundo ikaniganda mkononi. Nilikuwa nimesahau kweli. Nikamtafuta Lintang kwa macho. Alikuwa mkekani, miguuni pa baba yake aliyekuja kututazama.

"Aende Singaraja nani, mjukuu wangu?" mama mkwe akafoka. "Nenda wewe, kumetulia! Na huyu mama yake akiri kwanza kuhusu wali."

"Siungami dhambi ya mtu!"

Lintang akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, akavuta pumzi kama mtu aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu mno.

"Bibi ndiye aliyeunguza wali."