Kulia Kwako, Neville

Neville Pruitt hakuwahi kumsikiliza mkewe, na alijivunia jambo hilo. Coralie akitamani karavani yao, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, iegeshwe kivulini, ilimbidi alisifie jua. Akitaka kulala mapema, aseme hana usingizi. Ndivyo alivyoishi naye tangu ujana wao: kila alichokitaka alikiomba kinyume, na mumewe akajiona bwana wa nyumba. Nyumba yenyewe alishaiuza bila kumuuliza, akanunua karavani waizunguke nayo Australia.

Sasa walikuwa magharibi ya Queensland, kwenye nchi ya mito. Angani hakukuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko kaskazini, na maji yake ndiyo kwanza yanafika, yakipita kwa kasi juu ya kivuko cha zege, pale barabara inapokata mto. Kibao cha kufunga barabara kilikuwepo, Neville akakizunguka. Nyuma yake zikasimama karavani nyingine, redio zao zote kwenye masafa yale yale, kama walivyo wasafiri hawa: anachosema mmoja wanakisikia wote.

Desturi ni dereva mwenyewe avue viatu, ayapime maji kwa miguu kabla ya kuingiza gari. Neville akachukua redio.

"Jamani, namtuma bibi apime. Akizama, tutajua hapapitiki."

Vicheko vikajaa redioni.

"Nev, na nyonga yake ile mbovu?" akauliza Trevor, mzee wa karavani ya nyuma.

"Ndiyo vizuri, hawezi kunikimbia!"

Coralie akachukua fimbo na redio ya mkononi, akaingia. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Katikati, upande wa kushoto, fimbo ikazama yote: zege lilikuwa limemegwa, chini ni shimo tupu. Aliteleza, akaikumbatia nguzo ya kupimia kina, akapiga ukelele. Neville akapiga honi.

"Tembea, mama! Hatupigi picha za harusi hapa!"

Wakacheka tena, na sauti za wanawake zimo. Coralie alishamkasirikia mumewe mara nyingi, lakini hapo kwenye nguzo ndipo alipomchukia.

Alifika ng'ambo, akaketi kwenye changarawe, akavitoa viatu alivyovining'iniza shingoni. Alijua vizuri la kusema. Angemwambia apite kushoto, naye kwa ubishi wake angepita kulia, angemtukana na kufika salama. Hivyo ndivyo alivyomvusha kila mahali maisha yao yote, kwa uongo.

Akabonyeza kitufe.

"Neville, pita kulia kwako. Kushoto zege limekatika, kuna shimo. Nimelipima kwa fimbo." Alisema taratibu, kila mtu asikie.

"Mmemsikia?" Neville akacheka. "Huyu akisema kulia, mimi nakwenda kushoto. Ndiyo maana tungali hai."

"Msikilize, Nev," akasema Trevor. "Mwenzio amepima."

"Nimemwoa mimi, Trevor, hukumwoa wewe."

Akaingia, akiubana ukingo wa kushoto. Katikati gurudumu la mbele likatumbukia. Maji yakaipata karavani kwa chini, nayo ni nyepesi, ikaelea, ikageuka na mapazia yake ya maua aliyoyashona Coralie, ikaanza kulivuta gari.

"Alikwambia!" Trevor alikuwa anapiga kelele. "Sote tumesikia, alikwambia!"

Kisha ikaja sauti ya Neville, nyembamba, ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Coralie, maji yameingia. Mlango haufunguki. Nifanye nini? Niambie, nitafanya!"

Dirisha lake lilikuwa wazi, na nguzo ile ilikuwa karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono. Coralie aliliona hilo kutoka alipoketi. Alijua pia kwamba leo angemtii.

Akaiweka redio kwenye changarawe, akaanza kuvaa viatu.