Mbele ya Gitaa

Kitendawili: anapigwa jirani, analia yeye.

Usihangaike. Hata mimi nisingekitegua kabla mjukuu wangu hajanijazia nyumba sumaku. Jibu ni pikapu ya gitaa la umeme. Ni kijisanduku kinacholala chini ya nyuzi, na ndani yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Unagusa uzi, yeye hujamgusa, lakini ndiye anayelia mpaka kwenye spika. Nilipokitunga kitendawili hicho mjukuu wangu alisema, bibi, hapo umepatia. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana kwa kipindi kile chote.

Mjukuu wangu si mtoto. Ana masharubu, na ana maoni juu ya kila kitu isipokuwa vyombo vichafu. Mimi humwita mume wangu, kama bibi yeyote, na kama mke yeyote nimemvumilia. Anapiga gitaa katika bendi ya ukumbini, ile inayoitwa kwenye harusi za watu wanaovalisha viti nguo. Wapiga gitaa walikuwa wawili: yeye na mwenzake aitwaye Mapete, kwa sababu kila kidole chake kina lake. Basi kiongozi wa bendi, mama mmoja aliyewahi kuwa karani na hadi leo anaongea kama anagonga muhuri, akatangaza kwamba jukwaa limekuwa dogo na kinanda kimekuwa kikubwa. Atabaki mpiga gitaa mmoja. Huyo mmoja apige solo na apige ridhim pia, ile ya kusindikiza wimbo. Jumamosi asubuhi atawasikiliza wote wawili, na atakayeshindwa aage wenzake.

Kuaga, kwa mume wangu, maana yake ni ghala la mjomba wake. Mjomba anauza mabati, na alishatoa neno lake: ukikosa bendi, njoo upange mabati. Hakulitoa kwa ubaya. Alilitoa kama mtu anayetandika kitanda akijua mgeni anakuja.

Sasa wewe mwenye akili timamu ungefanya nini? Ungekaa ukafanya mazoezi. Mume wangu alikaa akawaza pikapu.

Gitaa lake, alisema, lina sauti ya aina moja. Pikapu zake mbili zote ni nyembamba. Kwa ridhim zinafaa, lakini ukizipigia solo zinalia kama mbu nje ya chandarua. Yeye anataka gitaa linaloweza kila kitu. Nikamwambia mtaka yote hukosa yote. Akanijibu kwamba hiyo ni methali ya watu wasio na swichi.

Ikawa kazi yake ni hiyo. Kutwa yuko kwenye simu anawasikiliza watu wasiojulikana wakilinganisha pikapu na pikapu. Hii ina joto. Ile ina ukioo. Ile nyingine ina asali kwa chini na moshi kwa juu. Ananiita kutoka jikoni niache sufuria, nisikilize tofauti. Nasikiliza. Ya kwanza inalia kama geti, ya pili inalia kama geti lililopakwa mafuta. Namwambia hivyo, anasikitika kwa niaba ya masikio yangu. Gitaa lenyewe wakati huo limening'inia ukutani, lina vumbi ambalo juu yake ungeweza kuandika jina.

Mtaani nako habari zikafika zikiwa zimekunjwa. Mjomba wa mabati akaja mbio, kachomekea shati, kumpongeza mpwa wake kwa kununua pikapu, na kuomba aiazime Jumatatu akabebe mzigo. Alipoonyeshwa picha ya kile kijisanduku aliitazama sana, kisha akauliza inabeba nini. Nikamwambia inabeba ndoto za mpwa wako, na kwa uzito huo nadhani itapasuka tairi.

Hatimaye akachagua, na niseme haki, hata mimi niliona kuna mantiki. Zipo pikapu zinazoitwa za mapacha: visanduku viwili vimelala ubavu kwa ubavu vikifanya kazi pamoja, na sauti yake ni nene, haina ule muungurumo wa umeme. Alitaka moja ya hizo kwa ajili ya solo, na nyembamba moja ya zamani ibaki kwa ajili ya ridhim. Ukigeuza swichi huku, solo. Ukigeuza kule, ridhim. Akauza baiskeli, akainunua. Toka siku hiyo akawa anatembea kwa miguu na kiburi.

Kuiweka akampelekea fundi redio wa mwisho wa mtaa. Huyo naye ni mtu wa kujisikia. Miwani yake hukaa kichwani, sijawahi kuiona machoni, na jiko la umeme, pasi na simu vyote huvitibu kwa kifaa kilekile cha kulehemu. Nilikuwepo, nimefuata redio yangu. Mjukuu akaweka kijisanduku mezani kama anaweka pete ya uchumba, akasema, "Hii ya mapacha weka mbele."

"Mbele?" fundi akauliza.

"Mbele."

"Imepita."

Wanaume wawili wabishi wakikubaliana haraka hivyo, mwenye busara huondoka na mali yake. Mimi nikasimama tu nikisubiri redio. Fundi akachukua patasi, maana pikapu ya mapacha ni pana na tundu la zamani ni jembamba. Lazima mbao ichongwe, na akachonga.

Ijumaa tukaenda kulichukua. Mume wangu akalichomeka kwenye spika, akatazama chini, akabadilika uso. Pikapu ya mapacha ilikuwa imekaa upande wa shingo ya gitaa. Yeye aliitaka upande wa pili, kule nyuzi zinakoishia, wanakokuita darajani.

Akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia kwamba alisema mbele.

"Na mbele nimeweka," fundi akasema. Akagusa ncha ya gitaa. "Hiki nini? Kichwa. Na hii? Shingo. Sasa kitu chenye kichwa na shingo, mbele yake ni wapi? Umeona mbuzi gani anatangulia mkia?"

"Gitaa si mbuzi. Mbele ni solo. Gitaa la solo ndilo gitaa la mbele, kila mtu wa bendi anajua. Pikapu ya solo inakaa darajani, basi darajani ndiyo mbele."

"Mimi si mtu wa bendi. Mimi ni fundi."

"Hilo ndilo tunalolijadili sasa hivi."

Wakaendelea hivyo, mmoja kashika kichwa cha gitaa na mwingine kashika mkia, kama wanagombea maiti. Mwishowe wakanigeukia mimi niamue. Nikawaambia mbele ya gitaa ni huku kwenye nyuzi, kunakotazama watu, na nyuma yake ni kule kunakogusa tumbo la mpigaji. Nyie wote wawili mmekuwa mkibishana kuhusu ubavu. Hawakupenda. Mwanamume ukimpa jibu sahihi la swali ambalo hakukusudia, anaona umemtukana.

Lakini mbao ikishachongwa haioti tena, na kutoboa tundu la pili pana kule darajani, kulipamba na kulifunika, si kazi ya kumaliza kabla ya Jumamosi. Fundi akakubali kufunga kitufe kidogo. Ukikivuta, pacha mmoja analala, na sauti inakuwa nyembamba. Ukikibonyeza, anaamka, na sauti inanenepa. Hakuiita fidia. Aliiita zawadi.

Basi hesabu ikawa hivi. Upande wa shingo palikuwa na sauti mbili nzuri. Upande wa daraja, kwenye solo yenyewe aliyouzia baiskeli, palikuwa na yule mbu wa zamani, na sasa alisikika mnyonge zaidi kwa kuwa jirani yake amenenepa.

Jioni ile nilimkuta ameketi kitandani na gitaa mapajani. Nilikuwa nimeshanoa maneno, ya mbuzi, ya baiskeli, ya asali na moshi. Akasema bila kuinua macho, "Bibi, mjomba ameniuliza navaa glovu saizi gani."

Nikayameza maneno yote, na yalikuwa mengi, yakanikaba. Nikamwekea chai. Nikamwambia, "Pacha mmoja akilala si neno. Wewe usilale." Akaanza kupiga. Aliendelea nikiosha vyombo, na aliendelea nilipomaliza.

Jumamosi nilikwenda naye. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu inanuka sabuni. Kiongozi alikaa katikati na mkoba wake mapajani. Mapete ndiye aliyeanza. Alikuja na gitaa la kuazima lenye pikapu tatu na vitufe kama jiko la hotelini. Vidole anavyo, simnyimi. Ridhim aliipiga vizuri. Ilipofika solo akapeleka mkono kwenye swichi, akagusa isiyo yenyewe. Kimya. Akagusa nyingine, pakatokea ngurumo. Akainamisha kichwa, anapapasa, wimbo unakwenda bila yeye.

"Unatafuta stesheni?" kiongozi akauliza.

Nilicheka, na sikuona haya. Kisha nikakumbuka wangu yuko nyuma yake kwenye foleni, nikaacha.

Mume wangu akavuta kitufe, akamlaza pacha, akapiga ridhim. Sauti ilikuwa safi, kila uzi unasikika peke yake kama vijiko vinavyopangwa kabatini. Ikaja solo. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye swichi, kule darajani anakongoja mbu. Mkono ukafika, ukasita, ukarudi. Akabonyeza kitufe, akamwamsha pacha, akapiga solo palepale shingoni.

Solo haipigwi hapo, alikuwa amenieleza mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyoomba. Hapo sauti ni nzito, ukikimbiza vidole inakuwa tope. Kwa hiyo hakukimbiza. Mbwembwe zake zote, zile za kupanda na kushuka kama panya darini, zilibidi ziachwe nje ya mlango. Alipiga noti chache. Akasubiri. Akapiga nyingine. Tangu anunuliwe gitaa la kwanza, sikuwahi kumsikia akivuta pumzi katikati ya wimbo.

Kiongozi akaacha kugonga mguu. Alisubiri mpaka sauti ya mwisho ikaisha yenyewe.

"Solo yako ina tumbo," akasema. "Umebaki. Na sitaki maelezo ya sumaku."

Nikapiga makofi, machache, nisimharibu.

Ningependa kukuambia kwamba mtu huyu alijifunza kitu. Kabla jua halijazama alikuwa getini anawaeleza majirani kwamba alichagua shingoni makusudi. Alimwambia fundi mbele, na mbele ya gitaa ni upande wa kichwa, kwani mmeona mbuzi anatangulia mkia? Fundi habari zikamfikia, akawaka. Anasema kijana hakujua lolote, alitaka pikapu iwekwe darajani kama watu wote, na ni yeye fundi, kwa sikio lake la kitaalamu, aliyekataa amri na kuipeleka shingoni. Juzi juzi kila mmoja aliapa kwamba kosa ni la mwenzake. Sasa kila mmoja anaapa kwamba kosa ni lake, na wamenuniana.

Wapiga gitaa wa bendi nyingine wameanza kuja na magitaa yao migongoni, wanataka yachongwe vivyo hivyo. Fundi amepata wateja, akaandika kibao kwa rangi nyekundu na kukitundika mlangoni: HAPA TUNAWEKA MAPACHA MBELE. Jirani yetu mjamzito amepita asubuhi hii, amesimama, amekisoma, ameshika tumbo, akavuka barabara.